Nyumba ya Karen: Makao ya Familia Yalivyokuwa Mali ya Umma

Chini ya vilima vya Ngong, katika mtaa wa Karen jijini Nairobi, imesimama nyumba ya mawe yenye paa la vigae na baraza pana. Ilijengwa mwaka 1912 na Åke Sjögren, mhandisi kutoka Uswidi. Zamani aliyeingia humo alikuwa mwenyeji, mgeni wake au mtumishi. Siku hizi kila alipaye kiingilio huingia, na bustanini wananchi hufanyia arusi na mikutano. Yafaa tueleze jinsi mabadiliko hayo yalivyotokea.

Mwaka 1917 nyumba ilinunuliwa na Bror Blixen, mtu wa Uswidi, na mkewe Karen, mtu wa Denmark. Shamba lao lilikuwa la eka 6,000 hivi, na kati ya hizo eka 600 zilikuwa za kahawa. Lakini nchi ya Ngong imeinuka mno, na mibuni haikustawi. Madeni yakazidi hata shamba likauzwa, na mwaka 1931 Karen akarudi kwao. Mnunuzi akaikata ardhi viwanja.

Waliopatwa na taabu kubwa zaidi ni jamaa za Wakikuyu walioishi shambani humo na kulima kwa sharti la kumfanyia kazi mwenye shamba. Sheria ya siku zile haikuwapa haki yo yote katika ardhi hiyo, basi iliwapasa kuhama. Kabla ya kuondoka, Karen aliwaombea serikalini wapewe mahali pa kukaa pamoja, wasitawanywe. Ombi likakubaliwa, wakapelekwa upande wa Dagoretti.

Nyumba yenyewe ilipita mikononi mwa wenyeji wengine. Kenya ilipopata uhuru wake Desemba 1963, Serikali ya Denmark iliinunua, ikaitoa kwa Kenya kuwa zawadi. Palianzishwa hapo chuo cha mafunzo ya lishe, na mwaka 1986 Makumbusho ya Taifa yakaifungua nyumba kwa watu wote.

Nyumba ya kale ina adui wawili. Ikiachwa tupu, huliwa na mchwa na mvua. Ikijazwa watu kila siku, sakafu na vyombo huchakaa. Kwa hiyo vyumba hutunzwa kwa kutazamwa tu, na sherehe hufanyika nje, penye nafasi na kivuli.

Tena liko jambo la kuangaliwa: nyumba ikiwa ya umma, habari zake nazo ziwe za umma. Kamante Gatura aliyepika humo, Farah Aden aliyesimamia shughuli za nyumbani, na wote waliochuma kahawa wana sehemu yao katika historia hiyo. Basi popote penye nyumba ya zamani, iwe Lamu au Lodwar, wazee waulizwe mapema ni nani waliokaa humo na nani waliofanya kazi humo, na majina yao yaandikwe. Ukuta uliobomoka huweza kujengwa tena, lakini habari alizokwenda nazo mzee kaburini hazirudi.