Mambo ya Msingi kwa Mgonjwa Anayefanyiwa Kipimo cha CT cha Kifua: Mfano wa Mkoa wa Katavi

Utangulizi

Mkoa wa Katavi, wenye makao makuu Mpanda, ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Rukwa. Kwa miaka mingi, mgonjwa wa huko aliyehitaji kipimo cha CT alilazimika kusafiri mamia ya kilomita hadi Mbeya au Mwanza. Oktoba 2021, Serikali ilizindua mpango wa mapambano dhidi ya UVIKO-19 wenye thamani ya shilingi trilioni 1.3, ambao sehemu yake ilikuwa kununua mashine za CT kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa. Hata hivyo, mashine ikisogea karibu haina maana kwamba maarifa nayo yamesogea. Makala haya yanafafanua mambo ambayo mgonjwa anapaswa kuyajua, kuyauliza na kuyasema kabla ya kulala juu ya kitanda cha mashine hiyo.

Maana na mipaka ya kipimo

CT hutumia mionzi ya eksirei, ileile inayotumika katika picha ya kawaida ya kifua. Katika picha ya kawaida, mbavu, moyo na mapafu hufunikana. Katika CT, chanzo cha mionzi humzunguka mgonjwa, kisha kompyuta huunganisha vipimo vyote na kutoa picha za vipande vyembamba, mithili ya mkate uliokatwa. Kwa njia hiyo daktari huweza kuona uvimbe mdogo, damu iliyoganda katika mishipa ya mapafu, au makovu ambayo picha ya kawaida imeyaficha.

Uwezo huo una mipaka. Katika maeneo ya Mpanda wapo wachimbaji wadogo wa dhahabu, na vumbi la mwamba lenye madini ya silika huacha makovu katika mapafu na kuongeza uwezekano wa kupata kifua kikuu. Katika picha, makovu ya vumbi, makovu ya kifua kikuu kilichopona na ugonjwa mpya huweza kufanana. Uthibitisho wa kifua kikuu cha mapafu hutokana hasa na uchunguzi wa makohozi, ambao hutolewa bila malipo katika vituo vya umma. Kwa hiyo, mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi hapaswi kuacha kupima makohozi kwa kusubiri CT. Aidha, mchimbaji anapaswa kumweleza daktari kazi yake na muda aliofanya kazi hiyo, na kufika na picha zake za zamani ili zilinganishwe na mpya.

Suala la mionzi

CT ya kifua humpa mgonjwa wastani wa milisiveti 6 hadi 7 za mionzi, ilhali picha ya kawaida ya kifua humpa takribani 0.1. Kwa wastani wa dunia, binadamu hupokea takribani milisiveti 2.4 kwa mwaka kutoka katika mazingira yake. Mionzi hiyo haibaki mwilini baada ya kipimo. Madhara yanayohofiwa ni ongezeko dogo la uwezekano wa kupata saratani katika miaka ya baadaye. Kipimo kinachohitajika kina faida kubwa kuliko hatari hiyo. Kisichohitajika hakina faida ya kuifidia. Mgonjwa ana haki ya kuuliza matokeo yatabadilisha nini katika matibabu yake. Mwanamke mwenye ujauzito, au anayehisi kuwa nao, aseme kabla ya kuingia chumbani.

Maandalizi na kipimo chenyewe

Baadhi ya vipimo huhitaji dawa yenye madini ya joto, inayodungwa mshipani ili mishipa ya damu ionekane vizuri. Mgonjwa aseme iwapo ana ugonjwa wa figo, pumu au kisukari, au aliwahi kupata mzio wa dawa hiyo. Anayetumia metformini asiiache kwa uamuzi wake mwenyewe. Daktari ndiye atakayeamua kulingana na hali ya figo. Dawa inapoingia, joto husambaa mwilini na ladha ya chuma huhisika mdomoni. Hali hiyo ni ya kawaida na hupita upesi. Kuwashwa, kuvimba uso au kupumua kwa shida kuelezwe papo hapo.

Mgonjwa huvua vitu vya chuma vilivyo kifuani, hulala chali na kubana pumzi kwa sekunde chache anapoelekezwa. Upigaji picha wenyewe hauna maumivu. Anayekohoa avae barakoa, kwani chumba hicho hutumiwa na wengi.

Hitimisho

Mashine huona umbo la mapafu. Haijui kazi ya mgonjwa, ujauzito wake wala dawa anazotumia. Hayo huyajua mgonjwa mwenyewe, na akiyasema mapema, picha husomwa kwa usahihi zaidi na usalama wake hulindwa.