Andalio la somo lisisahau lugha

Tangu Ripoti ya Gachathi ya 1976, sera humtaka mwanafunzi wa madarasa ya chini afundishwe kwa lugha ya eneo lake. Kuanzia Gredi ya 4, Kiingereza hushika usukani. Mjini Kitengela lugha hiyo mara nyingi ni Kiswahili. Mashinani Kajiado, Kimaa. Sasa mwalimu wa Hisabati aseme, 'Draw a table.' Mtoto anayejua 'table' ni meza atachora miguu minne! Je, hajui Hisabati? La hasha! Andalio la somo liliorodhesha shabaha za Hisabati, likasahau msamiati. Mwalimu atenge dakika tano za mwanzo: achore jedwali ubaoni, alifafanue kwa Kiswahili au Kimaa, kisha wanafunzi wasomeane kwa Kiingereza, wawili wawili, kabla ya kushika kalamu.