Udi wa Babu Kule Naivasha

Wasomaji wa mwambao watanisamehe nikiwatoa pwani kwa muda na kuwapandisha mpaka Naivasha, mji wa baridi ulio kando ya reli, ambako usiku viboko hutoka ziwani kula majani, na mtu anayetawadha alfajiri hutetemeka meno. Huko ndiko alikoishi babu yangu, mzawa wa Lamu, kwa miaka 43, na huko ndiko alikozikwa mwaka 1994. Alikuwa karani wa mizigo katika steshini. Alikuwa baba wa watoto saba na mtu wa safu ya mbele msikitini. Tena alikuwa mpiga udi.

Najua wako watakaosita hapo penye neno la mwisho. Hata nyumbani kwetu walikuwako, na habari hii inamhusu mmoja wao.

Babu alifika Naivasha mwaka 1951, udi wake kaukunja ndani ya godoro. Chombo hicho mnakijua: tumbo la duara kama nusu ya boga, shingo fupi, na nyuzi kumi na moja, kumi zikienda mbili mbili na ile nene ikikaa peke yake. Kilizoea joto na unyevu wa Lamu. Naivasha iko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, na mwezi wa Januari hewa yake hukauka mpaka midomo ikapasuka. Januari ya kwanza tu gundi iliachia na ubao wa mbele ukafanya ufa. Babu aliuziba kwa gundi ya seremala, na tangu siku hiyo udi ukalala kabatini pamoja na bakuli la maji, ili upate unyevu. Nyanya alikuwa akisema, "Mimi mkewe sijawekewa maji kabatini hata siku moja."

Risha ya kupigia aliichonga kwa unyoya wa ndege mkubwa aliouokota ukingoni mwa ziwa. Na Ijumaa, baada ya alasiri, alitia udi wa kufukiza kwenye chetezo, akakizungusha nyumba nzima, mwisho akaufukiza na ule udi wa kupiga. Kwa hiyo sisi wajukuu tulikua tukijua kwamba udi una sauti na una harufu.

Lakini alikuwa na masharti yake. Baina ya magharibi na isha hakuugusa, kwani huo ulikuwa wakati wetu wa kusomeshwa juzuu, na fimbo yake ilikuwa karibu. Mwezi wote wa Ramadhani haukufunguliwa kabati. Hakupiga penye ulevi, hata aahidiwe fedha gani. Alipiga baada ya isha, mlango umefungwa, nyanya kaketi kitandani akishona kofia, na sisi tukijifanya tumelala.

Redio yake ya betri ilikuwa ya kusikiliza taarabu za Sauti ya Kenya, na kila mtu aliyekwenda Mombasa alitumwa kanda kwa Mbwana Radio Service. Alimpenda Juma Bhalo kwa sababu ya maneno, ambayo mengi yalitungwa na binamuye, malenga Ahmad Nassir. Zein l'Abdin, aliyezaliwa Lamu mwaka 1939, alimwita "yule kijana wetu" hata kijana mwenyewe alipokuwa na mvi. Alimheshimu kwa jinsi yeye na Sheikh Ahmed Nabhany walivyofukua mashairi ya kale na kuyarudisha katika nyimbo. Wimbo ukimgusa, Babu alizima redio kabla ya ule unaofuata, asije akauharibu.

Utotoni alimwahi Habib Swaleh, aliyefariki mwaka 1935. Ndiye yule sharifu mwenye asili ya Ngazija aliyeujenga Msikiti wa Riyadha, na ndiye aliyeyatia nguvu pale Lamu Maulidi ya Al-Habshi, yanayosomwa kwa matari. Baadhi ya wakubwa wa mji walilichukia jambo hilo: matari msikitini! Leo Maulidi ya Lamu huwakusanya watu kutoka pembe zote za mwambao. Babu alitusimulia hayo mara nyingi, lakini hakuyafanya ngao, na hapo ndipo ninapozidi kumpenda. "Tari ni tari na udi ni udi," alisema, "wala mimi si Habib." Alijua kwamba wanazuoni wengi wanaviharamisha vyombo vya nyuzi. "Nitaulizwa mimi. Wewe usinijibie."

Mwaka 1979 ami yangu, kitinda mimba wa Babu, alirudi kutoka masomoni akamwambia baba yake waziwazi kwamba chombo kile ni haramu na kitolewe nyumbani. Tulingoja mvua ya maneno. Babu akanyamaza. Kesho yake kabati likahamia chumbani kwa nyanya, na kila ami alipokuja, udi ulilala. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba, na ujana ni ujana, nikamwambia Babu kuwa anamwogopa mwanawe. Hakukasirika. Akaniuliza, "Nipige wimbo gani utakaonifurahisha kuliko kumwona anakula kwangu?"

Alipokufa hakuacha wasia juu ya udi. Hitima ilipokwisha tu ami akasema uvunjwe, usimwandame marehemu kaburini. Shangazi hakujibu neno. Aliuzungushia leso mbili, akapanda gari la Nakuru. Wale ndugu wawili hawakusemezana tena. Nyanya alipofariki mwaka 2001 walisimama kila mmoja upande wake, na sisi watoto tukawa wapeleka salamu kati ya watu waliokuwa hatua tano. Sikuwahi kuona kitu kilichomfedhehesha Babu kama hicho, naye yuko chini ya udongo.

Shangazi alitangulia mwaka jana, na udi ukanijia mimi, nyuzi zake zimelegea kama mlenda. Shaabani iliyopita ami alikuja Naivasha kuzuru makaburi, mzee sasa, anatembea na mkongojo. Sikuwahi kuuficha, nilikuwa nimo katika kuukaza, nikibahatisha, maana hakuna aliyenifundisha. Aliketi, akanitazama muda mrefu. Nikangoja maneno ya mwaka 1994.

"Uzi mnene haukuwa hivyo," akasema.

Akafumba macho, akavuma kwa pua, chini sana. Nikazungusha ufunguo mpaka sauti mbili zikakutana. Kisha akanipa wa pili, na wa tatu. Yeye aliyekuwa akitoka nje risha ikigusa uzi, ndiye pekee aliyekuwa bado na sauti ya Babu kichwani. Wa nne ulipokaa sawa nikamsikia akisema, "Mwenyezi Mungu awarehemu," na sikumuuliza kama alimtia na shangazi.

Wa tano ulikatika. Tulikuwa tukiutafuta uzi mwingine kwenye mkebe wa Babu adhana ya magharibi ilipoingia, akanyosha mkono nimwinue.