Injini Iliyonoki: Kukarabati au Kubadilisha Mtambo wa Kukata Nyasi Voi na Milima ya Taita

Utangulizi

Ziko methali mbili za Kiswahili ambazo huvutana kila mashine inapoharibika. Moja yasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nyingine yasema kipya kinyemi, ingawa kidonda. Ya kwanza humhimiza mwenye mashine aikarabati mapema. Ya pili humcheka kidogo kwa mapenzi yake ya vitu vipya. Hata hivyo, hakuna hata moja kati ya hizo inayomweleza ni ufa upi unaozibika na ni upi usiozibika. Makala haya yanashughulikia pengo hilo kwa kurejelea kifaa kinachoonekana katika stoo za shule, makanisa, hoteli na nyumba za wageni katika Kaunti ya Taita Taveta, yaani mashine ya kukata nyasi ambayo injini yake imekataa kuwaka.

Suala hili laweza kuonekana dogo kwa msomaji wa jarida la Kiswahili. Yamkini ataona kuwa ni la gereji wala si la darasa. Lakini uamuzi wa kukarabati au kubadilisha injini mara nyingi haufanywi kwa spana. Hufanywa kwa neno moja ambalo fundi hulitamka akiwa amesimama kando ya mashine, na neno hilo aghalabu ni imenoki.

Neno na hukumu yake

Kitenzi kunoki kimetoholewa kutoka Kiingereza, ila maana yake imehama njiani. Katika lugha ya asili, neno hilo hutaja mlio wa kugonga unaosikika ndani ya injini. Katika Kiswahili cha gereji, kutoka Mombasa hadi Kisumu, hutaja matokeo: injini imekwama au imeharibika kabisa kwa ndani. Mlio umegeuka kuwa kifo. Zaidi ya hayo, neno limebeba sababu ya kifo hicho, kwani msikilizaji wa kawaida akiambiwa injini imenoki huelewa mara moja kuwa oili haikutiwa.

Hapo ndipo penye uzito. Injini iliyonoki kwa kukosa oili ina mtu aliyepaswa kuitia oili hiyo, naye kwa kawaida ni mtunza bustani anayelipwa kwa siku au kwa mwezi. Fundi hatamki tu hali ya chuma. Bila kukusudia, anatoa hukumu juu ya mtu. Tajiri asiyejua injini anaweza kumkata mfanyakazi mshahara kwa neno hilo, kisha akanunua injini mpya, ilhali kilichoharibika ni tundu la kabureta lisilozidi upana wa sindano. Kwa mintarafu hiyo, ni muhimu kutofautisha injini iliyonoki, injini iliyochoka na injini iliyolala tu. Tofauti hizo zote zinaweza kupimwa.

Injini iliyolala

Voi iko katika nyanda kavu. Mvua yake ya mwaka ni takribani milimita 550, nayo hugawanyika katika misimu miwili, ule wa Machi hadi Mei na ule wa Novemba na Desemba. Kati ya Juni na Oktoba nyasi hukauka na mashine huwekwa stoo. Huwekwa na petroli yake ndani. Petroli iliyokaa zaidi ya mwezi mmoja au miwili huanza kupoteza sehemu zake nyepesi, na kinachobaki huganda polepole kama gundi ndani ya kabureta. Mvua za Novemba zinaponyesha na nyasi kuchipuka kwa ghafla, kamba huvutwa mara 20, mara 30, na injini haiwaki. Au huwaka, ikakohoa, ikazima.

Injini ya namna hii haijanoki. Dawa yake ni kumwaga petroli kuukuu, kufungua kabureta, kusafisha matundu yake na kutia petroli mpya. Plagi nayo ikaguliwe, ipigwe brashi, na pengo lake lirekebishwe liwe kati ya milimita 0.7 na 0.8, kipimo kinachofaa injini nyingi za ukubwa huu. Ikiwa imeungua sana, inunuliwe nyingine, kwani bei ya plagi haifiki hata kidogo bei ya injini.

Kisa cha pili kinachodanganya wengi ni cha jiwe. Viwanja vya Taita Taveta havikosi mawe. Kisu cha mashine kikigonga jiwe, injini huzima papo hapo, na ikijaribiwa tena huvuta kamba kwa nguvu kutoka mkononi mwa mwendeshaji au hukataa kabisa kuwaka. Wengi huiona kuwa imekufa. Kumbe katika mitambo mingi kipo kipande kidogo cha chuma laini kinachoshikanisha flaiwili na krenkshafti, yaani mhimili unaogeuza mwendo wa pistoni wa kupanda na kushuka uwe mzunguko. Kipande hicho kikikatika au kujikunja, flaiwili huhama kidogo na cheche ya plagi hutoka kwa wakati usiofaa. Kukibadilisha ni kazi ndogo mno ukilinganisha na hofu inayotangulia.

Ila jiwe hilo hilo linaweza kuwa limeipinda krenkshafti yenyewe. Ndiyo maana haitoshi kubadilisha kipande na kuondoka. Plagi itolewe kwanza kwa usalama, kisha mtambo uinamishwe na kisu kizungushwe polepole kwa mkono huku ncha ya mhimili ikitazamwa. Ikiwa inayumba badala ya kuzunguka mahali pamoja, imepinda. Wapo mafundi wanaonyosha mhimili uliopinda kwa nyundo. Ushauri huo usifuatwe: chuma kilichopinda na kunyoshwa huweza kuwa na ufa usioonekana, na chini ya mhimili huo kuna kisu kinachozunguka maelfu ya mara kwa dakika karibu na miguu ya mtu.

Moshi nao husingiziwa. Mashine iliyoinamishwa upande usiofaa wakati wa kusafishwa huruhusu oili kupenya hadi kwenye silinda na kabureta, kisha ikiwashwa hutoa wingu jeupe la kutisha kwa dakika kadhaa. Hayo si maradhi. Kanuni ya kawaida ni kuinamisha mashine ili plagi itazame juu.

Injini iliyochoka

Adui mkubwa wa injini katika sehemu hizi ni vumbi. Udongo mwekundu wa Tsavo, ule ule unaowavisha ndovu wa mbuga hiyo rangi inayowatambulisha duniani, huwa mwepesi mno wakati wa kiangazi. Filta ya hewa ikichanika, au ikitolewa na mtu anayedhani kuwa injini "itapumua vizuri zaidi", vumbi huingia ndani ya silinda, huchanganyika na oili na kufanya kazi ya msasa. Ringi za pistoni huliwa. Ukuta wa silinda huliwa. Injini huanza kula oili, hutoa moshi wa samawati, na nguvu zake hupungua hasa kwenye nyasi ndefu. (Moshi mweusi ni jambo jingine: petroli imezidi hewa, na mara nyingi filta imeziba.)

Kipo kipimo rahisi kisichohitaji mashine yoyote. Plagi hutolewa, oili kiasi cha kijiko kidogo cha chai humiminwa ndani ya silinda kupitia tundu lake, kisha plagi hurudishwa na kamba kuvutwa taratibu. Kamba iliyokuwa nyepesi ikiwa nzito baada ya oili kutiwa, ringi au silinda zimelika, kwa kuwa oili imeziba kwa muda nafasi iliyokuwa ikivujisha mgandamizo. Isipobadilika, tatizo huenda liko kwenye valvu au gasketi ya kichwa, na hizo hutengenezeka kwa gharama ndogo. Fundi mwenye geji ya mgandamizo atapata jibu sahihi zaidi, ingawa lazima akumbuke kuwa injini nyingi ndogo zina kifaa cha kupunguza mgandamizo wakati wa kuwashwa, na namba ndogo kwenye geji si ushahidi wa kutosha peke yake.

Ikithibitika kuwa silinda imelika, swali linalofuata ni silinda hiyo imetengenezwa kwa nini. Injini za bei ya chini zina silinda ya aluminiamu tupu. Hizo zikikwaruzwa sana, kuzikarabati mara nyingi hakuna faida. Injini za kazi nzito, mathalani zile za jamii ya Honda GX zilizoanza kuuzwa mwaka 1983, zina mkono wa chuma uliopachikwa ndani ya aluminiamu. Mkono huo unaweza kuchongwa na kutiwa pistoni kubwa zaidi kwa robo milimita au nusu milimita. Ujuzi wa kazi hii si mgeni Voi. Pikipiki ndogo zilienea Kenya hasa baada ya kodi yake kupunguzwa mwaka 2008, na mafundi wanaofungua injini za bodaboda kila siku wanaelewa ringi, pistoni na uchongaji wa silinda kuliko wanavyodhaniwa na wenye mashine za kukata nyasi.

Injini iliyonoki kweli

Kunoki kwenyewe kupo. Injini nyingi ndogo hazina pampu ya oili. Kijiko au gurudumu dogo la meno ndani ya tumbo la injini hurusha oili kwenye sehemu zinazosuguana. Oili yenyewe ni kidogo, takribani lita 0.6 katika injini ya sentimita za ujazo 160 hivi, yaani soda mbili ndogo. Ikipungua nusu, hatari imeshabisha hodi. Konrodi hukauka, hung'ang'ania krenkshafti, mara nyingine hukatika na kutoboa tumbo la injini. Tumbo likitobolewa, mjadala umekwisha. Injini ibadilishwe.

Lakini hata hapa hukumu isiharakishwe. Katika milima ya Taita, ambako kilele cha Vuria kinazidi mita 2,200 na viwanja vya Wundanyi hukatwa kwenye miteremko, nyasi huwa mbichi kwa muda mrefu kuliko Voi, na mashine hufanya kazi ikiwa imeinama. Watengenezaji wengi huweka mpaka wa digrii 15 hadi 20. Kupita hapo, oili huhamia upande mmoja na kijiko hurusha hewa. Injini inaweza kunoki ikiwa na oili ya kutosha ndani yake, na mtunza bustani aliyeitia oili hiyo asubuhi akawa hana kosa ila la kutumwa kukata nyasi mahali ambapo fyekeo lingefaa zaidi. Kabla ya mtu yeyote kulaumiwa, oili imwagwe katika chombo safi mbele ya mwenye mashine na ipimwe. Hatua hiyo huchukua dakika 10.

Gharama, spea na safari

Wenye mashine wengi hufuata kanuni ya nusu: gharama ya ukarabati ikizidi nusu ya bei ya injini mpya, inunuliwe mpya. Ni kanuni nzuri ya kuanzia, ila ina upofu wake. Tuseme, kwa mfano tu, injini mpya ni shilingi 20,000 na ukarabati ni shilingi 11,000. Kanuni itasema nunua. Lakini ikiwa injini iliyopo ni ya kazi nzito na hiyo mpya ni ya aluminiamu tupu, mnunuzi amelipa zaidi ili apate kidogo. Kinyume chake pia hutokea. Ukarabati wa shilingi 6,000 ni hasara ikiwa sahani ya chini ya mashine, ile inayobeba injini na kisu, imeliwa na kutu hadi skrubu hazishiki. Kwa hiyo sahani ikaguliwe kwanza, kabla ya injini.

Mtego mwingine uko kwenye umbo. Injini zinazopatikana kwa urahisi kaunti hii ni zile za pampu za maji, zinazotumika sana katika mashamba ya Taveta. Hizo zina mhimili wa kulala, unaotokea ubavuni. Mashine ya kusukuma ya kukata nyasi huhitaji mhimili wa kusimama, unaoshuka chini moja kwa moja hadi kwenye kisu. Injini mbili zinaweza kuwa na jina moja, nguvu moja na rangi moja, zisiingiliane. Wanunuzi wameshabeba injini ya pampu hadi nyumbani wakagundua hilo wakiwa na boliti mkononi. Kabla ya kutuma pesa Mombasa au Nairobi, zipimwe vitu vinne: upana wa mhimili, urefu wake, nafasi kati ya matundu ya boliti, na namna kisu kinavyofungwa.

Muda nao ni gharama. Mashine ikiharibika Juni mjini Voi, mwenye nayo ana miezi kadhaa ya kusubiri spea na kulinganisha bei. Ikiharibika katikati ya Novemba, nyasi hazitamngoja. Katika hali hiyo ni busara kumlipa mtu mwenye fyekeo kwa wiki mbili kuliko kununua injini yoyote iliyopo dukani kwa pupa.

Ukarabati ukikubaliwa, sehemu zote zilizotolewa zirudishwe kwa mwenye mashine zikiwa ndani ya mfuko: ringi, pistoni, gasketi, hata plagi. Fundi mwaminifu hakasirishwi na ombi hilo. Injini ikishafungwa, iendeshwe bila kulemewa kwa saa za mwanzo, na oili ya kwanza imwagwe baada ya saa 20, kwa sababu huwa na vumbi la chuma kutoka kwenye ringi mpya. Baada ya hapo, oili hubadilishwa kila baada ya saa 50 hadi 100 kulingana na aina ya injini, na tarehe yake huandikwa kwa rangi kwenye sahani ya mashine, mahali ambapo mtunza bustani na tajiri wake wote wanaweza kuisoma.