Mwanamke wa nje ya hoteli aliyembadilisha Crystal Waters

Hakuna mzazi ambaye hajawahi kuulizwa na mtoto, wakiwa barabarani, kwa nini mtu fulani anaomba pesa. Jibu la haraka huwa moja: hataki kazi. Mtoto hulibeba jibu hilo, na mara nyingi hukua nalo.

Mwanamuziki wa Marekani Crystal Waters alikuwa na jibu hilo kichwani kabla hajawa maarufu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa akiishi Washington, na mara kwa mara alimwona mwanamke mmoja nje ya hoteli ya Mayflower, mojawapo ya hoteli za kifahari za jiji hilo. Mwanamke huyo alivaa nguo nyeusi, uso kaupaka vipodozi vizuri, akaimba nyimbo za Injili huku akiomba pesa kwa wapita njia. Baadaye Waters alieleza mwenyewe kwamba alikuwa akijiuliza kwa nini mtu aliyejipamba kiasi kile asiende kutafuta kazi.

Kisha habari za mwanamke huyo zikatoka gazetini. Alikuwa na kazi ya dukani, akaipoteza. Akaona kwamba ikiwa ni lazima asimame mbele za watu kuwaomba pesa, basi angalau asimame akiwa nadhifu. Kile ambacho Waters alikiona kama ushahidi kwamba hana shida kilikuwa ndicho kitu cha mwisho alichobaki nacho.

Kutokana na mwanamke huyo ulizaliwa "Gypsy Woman", wimbo wa mwaka 1991 ambao hadi leo huinua watu vitini.

Waters alizaliwa mwaka 1961 na kukulia New Jersey, katika ukoo wa muziki. Baba yake, Junior Waters, alipiga jazz. Bibi yake kiukoo alikuwa Ethel Waters, aliyezaliwa mwaka 1896 katika umaskini mkubwa, akafanya kazi ya usafi hotelini Philadelphia kabla ya kuwa mmoja wa waimbaji wakubwa wa Marekani. Ethel ndiye aliyeutambulisha wimbo "Stormy Weather" katika ukumbi wa Cotton Club, New York, mwaka 1933, na baadaye akateuliwa kuwania tuzo ya Oscar kwa filamu ya Pinky ya mwaka 1949. Kwa hiyo hadithi ya mwanamke anayeimba huku mfuko ukiwa mtupu haikuwa ngeni katika ukoo huo, ingawa Crystal hakuitambua alipokutana nayo mtaani.

Yeye hakuanza na kuimba. Alianza na mashairi, akiwa msichana wa miaka 11 hivi. Alipofikisha miaka 14 alipokewa katika American Poetry Society, na wasifu wake husema hakuna aliyepokewa akiwa mdogo kuliko yeye. Hata hivyo chuoni hakusomea mashairi. Katika Chuo Kikuu cha Howard, Washington, alisomea biashara na kompyuta, akahitimu, akaajiriwa na serikali ya jiji katika kitengo cha kompyuta cha Bodi ya Parole. Ilikuwa kazi ya mshahara, yenye saa za kuingia na kutoka. Wazazi wengi wangeshusha pumzi hapo na kusema mtoto ametulia.

Njia ya kurudi kwenye muziki ilipitia ofisini humohumo. Mfanyakazi mwenzake alimwambia kuwa ana ndugu mwenye studio, na studio hiyo inatafuta waimbaji wa kuitikia. Waters akaenda. Baada ya kuonja kazi hiyo alianza kutunga nyimbo zake, na katika mkutano mmoja wa wanamuziki mjini Washington akakutana na Basement Boys, kundi la watayarishaji kutoka Baltimore, umbali wa saa moja hivi kwa gari. Wao walikuwa na midundo ya house, muziki wa dansi uliokuwa ukitawala vilabu vya usiku. Yeye alikuwa na maneno.

Kazi yake mwanzoni ilikuwa kuwaandikia wengine. "Gypsy Woman", aliouandika pamoja na Neal Conway, ulikusudiwa uimbwe na Ultra Naté, mwimbaji mwingine wa Baltimore. Waters aliingiza sauti yake katika rekodi ya majaribio tu, ili mwenye wimbo ausikie. Lakini kampuni ya Mercury ilipoisikia sauti hiyo kavu, isiyo na mbwembwe, ikamtaka yeye mwenyewe. Hivyo ndivyo mtumishi wa serikali, mama wa watoto wawili, alivyojikuta mwanamuziki wa kimataifa akikaribia miaka 30.

Wimbo ulitoka mwaka 1991 na kwenda kasi. Marekani ulifika nafasi ya 8 katika chati kuu ya Billboard na nafasi ya 1 katika chati ya vilabu vya dansi. Uingereza ulifika nafasi ya 2. Italia na Uholanzi ulikaa kileleni.

Hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Kinanda kilikuwa kitamu mno, na kiitikio chake, ambacho hakina neno hata moja lenye maana, kilikuwa rahisi mno kukariri. Watu waliimba kiitikio na kuyaacha mashairi. Kipindi cha vichekesho cha runinga, In Living Color, kilimwigiza Waters kama mtu ambaye nyimbo zake hazina akili. Watazamaji walicheka, na ukweli ni kwamba uigizaji wenyewe ulichekesha. Lakini waliocheka walikuwa wakiucheka wimbo unaohusu mtu asiye na pa kulala.

Ndiyo maana jina kamili la wimbo lina nyongeza, "She's Homeless", yaani hana makazi. Nyongeza hiyo inasaidia pia kwa sababu nyingine. Neno "Gypsy" kwa asili ni jina walilobandikwa watu wa jamii ya Waroma, na wengi wao leo huliona kuwa ni tusi. Mwanamke wa Mayflower hakuimbwa kwa sababu ya kabila lake. Aliimbwa kwa sababu ya alichokuwa akikifanya kila siku.

Na anachokifanya kimeelezwa kwa utulivu mkubwa katika beti. Anaamka mapema, anazitengeneza nywele zake, anahakikisha uso na mavazi viko sawa, ndipo anatoka kwenda kuimba ili apate pesa. Waters hamlilii wala hamhukumu. Anamsimulia jinsi ambavyo mtu angemsimulia jirani anayejiandaa kwenda kazini, na pengine ndiyo sababu wimbo haujachakaa. Nyimbo nyingi za huruma za miaka ile leo zinasikika kama mahubiri.

Waliodhani ni mwimbaji wa wimbo mmoja walikosea. Mwaka 1994 alitoa "100% Pure Love", uliofika nafasi ya 11 kwenye chati kuu ya Marekani na kukaa humo wiki 45, karibu mwaka mzima, jambo ambalo hata "Gypsy Woman" haukuliweza. Ulitoka katika albamu aliyoiita Storyteller, yaani msimulizi, jina linalomfaa msichana aliyeanza na daftari la mashairi. Albamu nyingine ilifuata mwaka 1997, kisha mambo yakapoa kwa muda, kama ilivyowatokea waimbaji wengi wa dansi wa kizazi chake.

Vijana waliozaliwa baada ya "Gypsy Woman" walimfahamu kwa njia nyingine. DJ wa Italia, Alex Gaudino, aliichukua sauti ya Waters kutoka wimbo wao wa mwaka 2003, "Destination Unknown", akaiunganisha na saksafoni ya wimbo wa "Calabria" wa Rune. Matokeo yake, "Destination Calabria", yalifika nafasi ya 4 Uingereza mwaka 2007. Mwishoni mwa mwaka 2016 jarida la Billboard lilimweka Waters katika orodha ya wasanii 100 waliofanikiwa zaidi katika historia ya chati yake ya vilabu vya dansi.

Wimbo wa 1991 bado unapigwa, na bado wengi huingia kwenye kiitikio. Mzazi atakayeucheza kwenye simu mtoto akiwa karibu anaweza kumwomba asubiri beti kwanza, kisha amuulize mwanamke yule anafanya nini asubuhi kabla ya kutoka. Beti ni fupi. Hata mtoto wa darasa la nne, akitafsiriwa, atajibu.