Timu ni ya wasichana, kocha ni nani?

Ukipita uwanjani jioni, hesabu timu za wasichana, kisha hesabu zenye kocha mwanamke. Kazi hiyohiyo, ndogo kwa kuitazama, waliifanya Vivian Acosta na Linda Carpenter, maprofesa wa Chuo cha Brooklyn, New York, tangu 1977 hadi 2014. Waliviandikia vyuo vya Marekani wakiuliza: nani anafundisha timu, nani anaongoza idara ya michezo?

Sheria ya mwaka 1972 ilikataza ubaguzi wa kijinsia katika shule na vyuo vinavyopata fedha za serikali kuu. Wachezaji wa kike wakaongezeka sana. Lakini makocha wanawake wa timu zao, waliokuwa zaidi ya asilimia 90 mwaka huo, walibaki asilimia 43 hivi mwaka 2014. Kazi ilipoanza kuwa na mshahara mzuri, wanaume nao waliitaka, na waajiri wengi walikuwa wanaume.

Maprofesa hao waliona pia kwamba idara inayoongozwa na mwanamke huwa na makocha wanawake wengi zaidi. Basi kwenye kikao cha kamati ya michezo usiulize mipira na jezi tu. Uliza nani anachagua makocha.