Reli Ililala, Njia Hazikulala

Honi ya treni ya mizigo ikisikika Bungoma, mwendesha bodaboda hupiga hesabu ya haraka: nisubiri au nipite? Hesabu hiyo ni ya hatari. Treni iliyosheheni, ikienda kasi, yaweza kuhitaji zaidi ya kilomita moja ili isimame. Oktoba 2013, pale Mutindwa jijini Nairobi, treni iligonga basi la abiria na watu zaidi ya 10 wakafa.

Kitale kuna kisa kingine. Reli ya kutoka Leseru, ya kilomita kama 65, ilifika huko 1926 kubeba mazao ya walowezi. Baadaye ikakaa miaka mingi bila treni. Nyasi zikameza mataruma, na watu wakajikatia vijia: cha shule, cha soko, cha shambani. Reli ya namna hiyo ikiamka, kila kijia huwa kivuko.

Nani basi ana mamlaka ya kufunga vivuko hivyo? Reli ni ya Shirika la Reli la Kenya, lililoundwa 1978 baada ya shirika la reli la pamoja la Afrika Mashariki kuvunjika. Lakini barabara nayo ina mwenyewe. Sheria ya Barabara ya 2007 iliziweka barabara kuu chini ya Mamlaka ya Barabara Kuu (KeNHA), na Katiba ya 2010 ikazipa kaunti barabara zao. Kivuko kimoja, wenyewe wawili. Ajali ikitokea, ni rahisi kila mmoja kumnyooshea mwenzake kidole.

Mwananchi naye ana lake. Kifungu cha 47 cha Katiba, pamoja na sheria ya 2015 iliyokifuata, kinazitaka ofisi za umma zitende haki zinapoamua jambo linalomgusa: apewe taarifa, asikilizwe, aelezwe sababu. Mama mboga anayevuka reli mara nne kwa siku anastahili kuulizwa kabla ya chuma kuchomekwa njiani.

Reli ya kisasa ya Mombasa na Nairobi, iliyoanza kubeba abiria 2017, ilijengewa ua, na barabara zikapitishwa juu au chini yake. Reli ya zamani haikupata bahati hiyo. Ndiyo maana kufunga kivuko ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuonyesha pa kupitia. Weka kizuizi leo bila daraja, na wiki ijayo utakuta nyasi zimekanyagwa hatua ishirini kando yake.